Haleluya Ivuke Maji

Kila ifikapo Noeli na Pasaka, katika makanisa mengi ya kandokando ya Ziwa Victoria husikika wimbo usiohitaji kutangazwa. Kwaya husimama na kuimba Haleluya ya George Frideric Handel, na waumini ambao hawajapata kulisikia jina la mtunzi huyo huinuka pamoja nao kana kwamba wameitwa. Wimbo huo umekwisha kuwa mwenyeji. Umefundishwa kwa nota za herufi, sauti ya kwanza hadi besi, katika madaftari yaliyonakiliwa kwa mkono na kupitishwa kutoka mwalimu hadi mwalimu, na mara nyingi pasipo kinanda cha kutolea sauti.

Hata hivyo, Haleluya si kitu kizima. Ni hitimisho la sehemu ya pili ya utunzi mkubwa uitwao Messiah, wenye sehemu tatu na unaochukua zaidi ya saa mbili kuimbwa wote. Twaweza kumfananisha mwimbaji wetu na mtu anayejua kwa moyo ukurasa mmoja wa kitabu kikubwa. Ndiyo sababu twashauri Mkoa wa Mwanza ujipangie msimu kamili wa muziki wa Handel, wakati wa Kwaresima, uanzie hapa Buhongwa na kumalizikia visiwani. Wakati huo hatukuuchagua kwa kubahatisha, kwani mwenyewe Handel alikuwa na desturi ya kuwaimbia watu wa London tungo zake za Biblia katika majuma hayo hayo.

Wako watakaodai kwamba hii ni kasumba ya kikoloni. Hoja hiyo haifai kupuuzwa. Mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alipounda wizara ya utamaduni, aliwasuta waliojifunza dansi za Ulaya huku wakizionea haya ngoma za kwao. Na yako mazito zaidi. Wachunguzi wa siku hizi, kwa kusoma daftari za zamani za hisa, wameonyesha kwamba mwaka 1720 Handel alikuwa na hisa katika kampuni ya Royal African, iliyosafirisha watumwa kutoka Afrika Magharibi. Sisi tunaoishi jirani na Kageye, iliyokuwa kituo cha misafara, hatuwezi kulisoma jambo hilo kwa wepesi. Lisemwe waziwazi katika msimu wenyewe, mbele ya vijana, kisha muziki uimbwe. Kumficha mtunzi ndiko kungekuwa kasumba.

Wala hatusemi ngoma zikae pembeni. Pale Bujora, Padre David Clement alijenga kanisa kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma, na sherehe ya Bulabo bado huwakutanisha Bagika na Bagalu kwa mashindano ya ngoma yanayovuta umati. Msimu wa Handel usiokuwa na ngoma za Wasukuma, Wakerewe na Wakara ungekuwa umekosa adabu kwa wenyeji wake.

Lakini lililotusukuma kuandika ni jambo jingine. Messiah ilipoimbwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Dublin, tarehe 13 Aprili 1742, mapato yalikwenda katika hospitali mbili na katika kuwakomboa waliofungwa kwa madeni. Wafungwa 142 walilipiwa wakatoka. Kwa kuwa ukumbi ulikuwa mdogo, mabibi waliombwa waache nyumbani magauni yao yenye vizimba vya kuyatanua, na mabwana waache panga zao, ili watu wengi zaidi waingie. Tungefurahi kulisikia ombi kama hilo likielekezwa kwa yale makochi ya wageni rasmi, ambayo katika hafla zetu hukalia nafasi ya watu hamsini na mara nyingine hubaki matupu hadi mwisho.

Tuwatazame sasa ndugu zetu wa visiwani. Mwimbaji wa Nansio anayetaka kuhudhuria tamasha Buhongwa hulipa nauli ya meli, kisha daladala kutoka mjini kupitia Mkuyuni, Butimba na Mkolani. Tamasha likianza saa moja jioni, atafute na malazi. Wa Ukara huanza safari mapema zaidi, kwa kivuko hadi Bugolora. Ni katika njia hiyo kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018, na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha karibu kabisa na nchi kavu. Daraja la Kigongo na Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, limewapunguzia adha ndugu wa Sengerema na Geita. Ukerewe bado ni ya vyombo vya majini.

Kwa hiyo mapato ya msimu huu yanunue majaketi ya kujiokolea kwa ajili ya mitumbwi ya wavuvi na mashua za abiria wa visiwa vidogo. Hesabu ibandikwe Nansio na Bwisya, mahali ambapo kila mtu atasoma fedha kiasi gani zimeingia na majaketi mangapi yametoka. Tunalisisitiza hili kwa kuwa tumekwisha kuona fedha za utamaduni zikiishia katika posho za kamati, nao waimbaji wakirudi kwao na soda moja moja.

Kwaya za visiwani zisialikwe kama pambo la kumpokea mgeni. Zipewe nafasi yake kamili katika programu, na walimu wake waketi na wenzao wa bara kugawana kazi: kwaya hii ichukue sehemu ya kuzaliwa kwa Masiya, ile ichukue mateso. Kisiwa kilichomzaa Aniceti Kitereza, aliyeimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945 na kuisubiri hadi 1980 ichapishwe kwa Kiswahili, hakihitaji kufundishwa subira wala kazi ndefu. Kinachohitaji ni kusikilizwa mapema zaidi.

Maafisa utamaduni wa Nyamagana na Ukerewe wanaweza kuliandaa jambo hili bila kuunda idara mpya. Wakutane na walimu wa kwaya, na mkutano wa kwanza ufanyike Nansio, si mjini Mwanza. Matamasha yawe ya mchana. Kabla ya kujadili sare, wageni wa heshima au vipaza sauti, waweke mezani ratiba ya meli, wapange tarehe kwa kuifuata.