Kabla ya Kuzamisha Chuma Baharini

Kaskazini mwa Bonde la Olduvai, tuta la majivu meusi ya volkano husukumwa na upepo zaidi ya mita kumi kila mwaka. Ni upepo unaojulikana vizuri kwa wafugaji wa uwanda wa Salei, chini ya Ol Doinyo Lengai. Nchi yenye upepo wa namna hii nchi kavu ina haraka gani ya kuukimbilia baharini ili kuzalisha umeme, kama Ulaya?

Baharini gharama hujificha chini ya maji. Denmark ilianza na shamba la upepo la Vindeby mwaka 1991, kwa mitambo 11 iliyokalishwa juu ya zege kwenye maji ya kina kifupi. Kina kikiongezeka, hupigiliwa nguzo moja nene ya chuma. Kikikaribia mita 60, nguzo hiyo huwa nzito na ghali mno, na wahandisi hugeukia fremu za miguu mitatu au minne. Zaidi ya hapo mtambo huelea. Hywind Scotland, iliyoanza kazi 2017, ina mitambo mitano ya megawati 6, kila mmoja juu ya silinda ya chuma iliyozama karibu mita 78, imejazwa uzito kitakoni na kushikwa kwa minyororo mitatu.

Mkondo wa Unguja, wenye kina kisichofika mita 50 sehemu kubwa, ungekubali nguzo. Ule wa Pemba una mamia ya mita. Huko ni kuelea tu. Norwei na Uingereza zilikuwa tayari na meli na mafundi wa visima vya mafuta. Tanzania itakodi meli na mafundi hao, kwa dola.

Nchi kavu ni shimo, nondo na zege, ingawa kwenye majivu ya Salei itabidi kuchimba hadi kwenye tabaka gumu. Mwenga, Mufindi, mitambo mitatu tayari inatoa megawati 2.4.

Tatizo la nchi kavu ni wenye ardhi. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, Kenya, una mitambo 365, lakini Oktoba 2021 mahakama ya Meru iliamua kuwa hati za ardhi yake zilitolewa kinyume cha taratibu. Huku Loliondo, jirani na Salei, watu hawajasahau vigingi vya mpaka ambavyo serikali ilisimika Juni 2022, ikitenga kilomita za mraba 1,500 za malisho kwa hifadhi. Atakayekuja kupima upepo aanzie mkutano mkuu wa kijiji, kabla ya kuagiza saruji, akiwa na mkataba unaotaja ng'ombe watapita wapi na kijiji kitapata kiasi gani cha umeme huo.