Tusingoje mazishi ndio tuulize kuhusu feri

Vijana wenzangu, huku Theta ukienda Thika ama Ruiru ni barabara mwanzo hadi mwisho. Likoni barabara inakatwa na bahari. Mgonjwa, mwanafunzi, mama wa biashara, wote wanangoja feri. Mwenye gari analipa, wa miguu anavuka bure.

Feri ile ina mlango wa chuma kila upande, unashuka kama daraja. Gari linaingia huku, linatokea kule, feri haigeuki. Inaokoa muda. Lakini ni upande huo huo wa mlango ambapo gari lilirudi nyuma likatumbukia kutoka MV Harambee, 29 Septemba 2019. Mama na bintiye walikaa chini ya maji karibu wiki mbili kabla ya kuopolewa. Na Mtongwe, Aprili 1994, feri ilipinduka, watu 272 wakafa.

Kuvuka bure ni haki, lakini kufika salama ni haki pia. Kizuizi imara mlangoni, idadi ya abiria ifuatwe, wapiga mbizi wawe tayari. Usiseme hayo ni ya Wapwani. Ukishuka Diani kwa feri, ni wewe umesimama pale.