Ubao Peke Yake Hautoshi: Funzo Kutoka Safari ya Minmus

Mwalimu anayefundisha kupatwa kwa mwezi aghalabu huchora ubaoni picha ile ile: jua upande mmoja, dunia katikati, mwezi upande wa pili, vyote katika mstari mmoja. Picha hiyo ni ya kweli kwa usiku mmoja tu. Kwa miezi mipevu iliyo mingi ni ya uongo, maana kama ingekuwa ya kweli daima, mwezi ungepatwa kila unapokuwa mpevu. Mtoto msikivu hutambua kasoro hiyo na kuuliza. Mwalimu asiyekuwa na jibu humwambia akariri maelezo ya kitabu, na tangu siku hiyo mtoto hujifunza kwamba katika somo la sayansi kuuliza hakuna faida. Hasara hiyo si ndogo.

Maoni yetu ni kwamba kosa haliko katika maelezo, bali katika ubapa wa ubao. Njia ya kulisahihisha tunaiona wazi katika mchezo mmoja wa kompyuta ambao walimu wengi wangeudharau.

Mchezo huo unaitwa Kerbal Space Program. Ulitolewa kwa umma mara ya kwanza mwaka 2011 na kampuni ya Squad ya nchini Mexico, na mbunifu wake ni Felipe Falanghe. Mchezaji huunda roketi, huirusha kutoka sayari ya kubuni iitwayo Kerbin, na kuiongoza kwa kufuata kanuni za mwendo na mvuto. Kerbin ina miezi miwili. Mun, ulio karibu, uko umbali wa kilomita 12,000 kutoka kitovu cha sayari, na njia yake imelala sawa na ikweta. Minmus, ulio mbali, uko umbali wa kilomita 47,000, na njia yake imeinama kwa nyuzi 6.

Nyuzi 6 huonekana kuwa kitu kidogo. Mchezaji aliyekwisha kufika Mun hutumia mbinu ile ile kuielekea Minmus. Akiitazama ramani kutoka juu, huona njia ya chombo chake na njia ya Minmus zimegusana, naye huamini kwamba amefika. Lakini akiigeuza ramani na kuitazama kwa ubavu, huona kwamba njia moja inapita juu na nyingine chini. Hesabu yake ni rahisi: kwa umbali wa kilomita 47,000, mwinamo wa nyuzi 6 huweza kuzitenga njia hizo kwa kilomita 4,900 hivi. Eneo ambamo mvuto wa Minmus hukinasa chombo ndani ya mchezo halifiki hata kilomita 2,300 kutoka kitovu chake. Hivyo chombo hupita kando bila kuvutwa.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mchezaji hutafuta nukta mbili ambapo bapa la njia yake hukatana na bapa la njia ya Minmus. Katika mojawapo ya nukta hizo hukielekeza chombo kaskazini au kusini mwa njia yake, huwasha injini, na bapa moja huinama hadi kulala juu ya jingine. Akifanya hivyo akiwa kilomita 100 tu juu ya Kerbin, ambapo chombo huenda mita 2,246 kwa sekunde, atalazimika kutumia mafuta ya kubadili mwendo kwa mita 235 hivi kwa sekunde. Akingoja hadi awe mbali, ambapo mwendo umepungua, gharama hupungua pia. Tena anaweza kuliacha bapa lake kama lilivyo, akapanga safari yake ili akutane na Minmus katika nukta ya makutano yenyewe.

Tunaona hapa mambo matatu yanayomhusu mwalimu. Kwanza, mpangilio wa kazi: mwezi usioinama uko karibu na ulioinama uko mbali, hivyo mwanafunzi huanza na jepesi, na zito humjia akiwa na msingi. Pili, kosa humfundisha mwanafunzi kabla ya kanuni. Haambiwi, “Njia zimeinama”. Hukosa shabaha, kisha hutafuta sababu, na sababu aliyoitafuta mwenyewe haisahau upesi. Tatu, majibu sahihi ni zaidi ya moja, na kila moja lina gharama yake ya kupimwa.

Tukirudi kwenye mwezi wetu, mambo ni yale yale. Njia yake imeinama kwa nyuzi 5 na kidogo kulinganisha na bapa ambalo dunia hulizungukia jua. Kwa wastani mwezi uko umbali wa kilomita 384,400, hivyo huweza kupita kilomita 34,000 hivi juu au chini ya bapa hilo. Kivuli kizito cha dunia, kwa umbali huo, kina upana wa kilomita 9,000 hivi tu. Si ajabu, basi, kwamba mwezi mpevu aghalabu hukikwepa. Usiku wa tarehe 7 Septemba 2025 haukukikwepa, kwa kuwa ulikuwa karibu na nukta ya makutano; ndiyo maana watu wa Afrika ya Mashariki waliuona umepatwa wote.

Wako watakaosema kwamba shule nyingi hazina kompyuta. Ni kweli, lakini hatusemi kompyuta inunuliwe. Tunasema mbinu iigwe. Chukua fito moja iliyonyooka na waya wa kutosha duara mbili, moja ikiingia ndani ya nyingine. Pitisha fito katikati ya zote mbili, na katikati ya fito bandika donge la udongo liwe dunia. Duara kubwa ilale sawa. Ndogo iinamishwe kidogo, fito ikiwa ndiyo mhimili. Mtoto mmoja azunguke na tochi katika usawa wa duara kubwa. Wengine wachungulie kwa ubavu na kusema ni wakati gani kivuli cha donge kinaiangukia duara ndogo. Watagundua wenyewe kwamba hutokea tu pale tochi inapokaribia mstari wa fito, yaani mara mbili katika mzunguko mmoja wa mwaka. Mwinamo wa kweli ni mdogo: duara yenye nusu kipenyo cha sentimita 30 huinuka sentimita 2.7 hivi tu. Anza na mwinamo mkubwa ili waone, kisha urudi kwenye ule wa kweli, na uwaeleze kwamba umefanya hivyo.

Wengine watasema jambo hili ni zito kwa watoto. Sisi hatukubali. Mtoto anayeviringisha ringi ya baiskeli barabarani anajua inavyolala na inavyoinama. Linalomshinda ni kuuona mwinamo huo katika mchoro usio na kina.

Mchezo nao una mipaka yake. Kerbin ni ya kubuni, nusu kipenyo chake ni kilomita 600 tu, na mvuto wake umerahisishwa ili chombo kivutwe na gimba moja tu kwa wakati mmoja. Mwalimu akiutumia, hana budi kuyasema hayo.

Kwa hiyo tunawasihi wanachuo wanaojiandaa kwa mazoezi ya kufundisha: kabla ya kuandika andalio la somo la kupatwa kwa mwezi, tengenezeni duara hizo mbili, mzigeuze, mzitazame kutoka juu na kwa ubavu, na mwulizane maswali hadi mridhike. Ubao utumike baadaye, kuandika yale ambayo macho yamekwisha kuyaona.