Bakteria ndani ya lishe ya samaki: Ogembo ipige hesabu kwanza

MFUGAJI wa samaki anayefungua gunia la lishe mjini Ogembo huwa amefungua pia mfuko wake mwenyewe. Katika ufugaji wa tilapia na kambare, chakula pekee humeza zaidi ya nusu ya gharama zote. Si ajabu basi kwamba ahadi ya bakteria hai wanaochanganywa na lishe ili samaki wameng'enye vyema na kukua haraka inavutia. Ahadi hiyo ina ukweli ndani yake, lakini kwa vidimbwi vya Gusii ina masharti.

Bakteria hao huitwa probiotiki. Mashirika ya Umoja wa Mataifa ya FAO na WHO yaliwafafanua mwaka wa 2001 kuwa vijidudu hai ambavyo, vikitolewa kwa kiasi cha kutosha, humnufaisha kiafya anayevila. Bibi yeyote wa Kisii aliyewahi kuchachusha uji hahitaji kuelezwa zaidi.

Ndani ya utumbo wa samaki, jamii ya Bacillus hutoa vimeng'enya vinavyosaidia kuvunja wanga, protini na mafuta, na huwania nafasi na chakula dhidi ya vijidudu vya maradhi kama Aeromonas. Hamira nayo hutumika kwa nia hiyo hiyo. Matokeo ya majaribio mengi yaliyofanyiwa tilapia ni ya kutia moyo, hasa pale samaki walipobanana au kusumbuliwa na maradhi. Mengine hayakuonyesha tofauti yoyote ya maana.

Tatizo la Ogembo huanzia kwenye kipimajoto. Tilapia hustawi katika maji ya nyuzijoto 26 hadi 30. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na vilima vinavyozunguka bonde la mto Gucha havina joto la Kisumu. Samaki hana joto lake mwenyewe. Maji yakipoa, utumbo wake hupoa, hamu ya kula hupungua, na bakteria waliomo humo nao huzembea. Kununua probiotiki za kutia kidimbwi chenye kivuli na maji baridi yanayopita mchana kutwa ni kulipia wafanyakazi waliolala.

Yapo pia mambo ya dukani. Spora za Bacillus huhimili joto la kutengenezea punje za lishe. Bakteria wa maziwa lala hufa kwa urahisi, hivyo hufaa kuongezwa baada ya lishe kupoa. Pakiti iliyokaa miezi mingi juani inaweza kuwa na unga tu. Mnunuzi ana haki ya kuona jina la bakteria, idadi yao kwa kila gramu na tarehe ya mwisho ya matumizi. Lebo isiyo na hayo isimtoe senti.

Kisha hesabu. Tuseme kilo ya lishe ni Sh120 na kilo mbili huzaa kilo moja ya samaki: gharama ni Sh240. Probiotiki zikipandisha bei ya lishe hadi Sh132, samaki hao lazima watosheke na kilo 1.8 hivi ndipo mfugaji asipate hasara. Asiyepima lishe wala uzito wa samaki hatajua kamwe kama alifaidika, na hapa ndipo wengi hukwama.

Historia ya karibu inafundisha tahadhari. Mpango wa kufufua uchumi wa mwaka wa 2009 ulilenga vidimbwi 200 vya mita mraba 300 katika kila eneobunge lililochaguliwa. Kuchimba kulikuwa rahisi. Kupata lishe bora baada ya ruzuku kuisha kukawa mlima, na vidimbwi vingi nchini vikaachwa. Kisii iliwekwa tena miongoni mwa kaunti 15 za mpango wa ABDP uliofadhiliwa na IFAD, na lishe ingali swali lile lile. Omena aliyechanganyika na mchanga hageuki protini kwa sababu ameongezewa bakteria.

Taasisi ya KMFRI ina kituo chake Kegati, ndani ya kaunti hiyo hiyo. Jaribio la vidimbwi viwili huko, kimoja chenye probiotiki na kingine bila, samaki wakipimwa kila mwezi hadi kuvuliwa, lina uzito zaidi kwa mkulima wa Ogembo kuliko takwimu kutoka mabwawa yenye joto ya Misri au Uchina.