Lenzi Kabla ya Kihisi

Sina shaka kwamba kihisi kikubwa cha kamera, cha milimita 36 kwa 24, ambacho eneo lake hukaribia mara nne ya lile la kihisi cha mfumo mdogo wa Micro Four Thirds chenye milimita 17.3 kwa 13, hukusanya nuru nyingi zaidi na kuipa picha ya wakati wa magharibi usafi ulio dhahiri. Walakini, kwa mpiga picha za ndege, lenzi ya milimita 300 katika mfumo huo mdogo humvuta ndege karibu sawasawa na lenzi ya 600 katika mfumo mkubwa, ambayo kwa kawaida huchosha bega na kutoboa mfuko. Kwa hiyo nawasihi wanunuzi wazipime kwanza lenzi wanazozihitaji, kwani kamera hubadilishwa baada ya miaka michache, ilhali lenzi njema hudumu.