NANI KASEMA VIJITI HUTEMBEA HADI MOYONI?

Leo sina habari na siasa za Dodoma. Nataka tuongelee vidonge, sindano, vijiti na kitanzi, na nianzie kwetu Soni, pale barabara inayopanda kutoka Mombo inapogawanyika, moja ikienda Lushoto na nyingine Bumbuli. Mwenye haya aishie hapa. Ila wewe uliyemaliza chuo kikuu na bado unaamini kwamba vijiti vya uzazi wa mpango huhama mkononi vikaenda kukaa moyoni, vuta kiti. Makala hii ni yako hasa.

Maneno hayo nimeyasikia Soni. Nimeyasikia Tanga mjini. Nimeyasikia kwenye daladala za Mwenge, yakitoka kinywani mwa watu wenye shahada. Vidonge vinajazana tumboni mpaka vinakuwa uvimbe. Kitanzi kinamchoma mume. Sindano inaua kizazi moja kwa moja. Kila mmoja ana shangazi wa rafiki yake yaliyemkuta. Ukiomba kuonana na huyo shangazi, hapatikani!

Sasa nauliza: UMATI ilianza mwaka 1959. Mpango wa taifa wa uzazi wa mpango ulianza mwaka 1989. Mchezo wa redio wa Twende na Wakati ulianza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993, nchi nzima ikawa inamjadili Mkwaju, dereva wa lori, na wanawake zake wa njiani. Imekuwaje miaka yote hiyo ipite na bado tunabishana kama kidonge huyeyuka?

Jibu langu ni hili. Tumewaambia watu WATUMIE, hatukuwaambia INAFANYAJE KAZI. Tumebandika mabango ya familia yenye watoto wawili wanaocheka, baba kavaa shati jeupe. Bango halielezi yai ni nini wala ute wa mlango wa kizazi ni nini. Mtu asiyeelezwa hujaza nafasi iliyobaki wazi kwa uvumi. Usimcheke mama anayeuza pea na kabichi stendi ya Soni kwa kuogopa vijiti. Anaogopa kitu ambacho hakuna aliyekaa naye dakika kumi akamfafanulia.

Basi hizo dakika kumi tuzitumie hapa.

Mimba inahitaji yai na mbegu vikutane. Yai likishatoka huishi kati ya saa 12 na 24 hivi. Mbegu za kiume zinaweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku tano. Kwa hiyo kila mzunguko una dirisha la siku kama sita tu. Njia zote za kuzuia mimba zinafanya moja ya mambo haya: zinazuia yai lisitoke, zinazuia mbegu zisifike, au zinakwepa zile siku sita.

Vidonge vya majira vinabeba homoni. Vile vya kawaida, vyenye homoni mbili, vinazuia yai kutoka na kuufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito ili mbegu zikwame. Huyeyuka kama panadol. Havijazani popote. Tatizo lao ni sisi binadamu: tunasahau. Katika wanawake 100 wanaovitumia kama watu wanavyotumia kweli, yaani na kusahau kwao, kama 7 hupata mimba ndani ya mwaka mmoja. Tena mwenye shinikizo la damu hapaswi kupewa hivyo vya homoni mbili, ndiyo maana anayekupa bila kukupima presha anakukosea.

Sindano, ile mnayoiita Depo, hufanya kazi kwa miezi mitatu. Wanaopata mimba ni kama 4 kati ya 100 kwa mwaka, wengi wao kwa kuchelewa tarehe. Hedhi inaweza kuvurugika au kukoma kabisa, na wengine huongezeka uzito. Ukiiacha, uzazi huchukua miezi kadhaa kurudi, wakati mwingine karibu mwaka au zaidi. Hapo ndipo uvumi wa "inaua kizazi" ulipozaliwa. Kizazi hakijafa, kinachelewa. Lakini kama nesi hakukwambia mapema, utasema nini mwezi wa sita ukiwa hujashika mimba na mama mkwe ameanza kununa?

Vijiti huwekwa chini ya ngozi ya mkono, sehemu ya juu upande wa ndani. Kuna kimoja cha miaka mitatu na kuna viwili vya miaka mitano. Kinachosafiri kwenye damu ni homoni, kijiti kinabaki pale pale. Visa vya kijiti kuhama mbali vimewahi kuandikwa, ni vya nadra mno, na kwa kawaida vinatokana na kuwekwa kina kirefu kuliko inavyotakiwa. Wanaopata mimba hawafiki hata mmoja kati ya 100. Kero yake kubwa ni hedhi isiyo na ratiba, matone ya damu leo, kesho hakuna. Ukivichoka vinatolewa, na uzazi unarudi mapema.

Kitanzi cha shaba hakina homoni hata chembe. Shaba inazidhoofisha mbegu zisiweze kurutubisha yai. Kinakaa miaka 10 au zaidi, na wanaopata mimba mwaka wa kwanza hawafiki mmoja kati ya 100. Hedhi inaweza kuwa nzito na yenye maumivu, hasa miezi ya mwanzo. Mume hachomwi na chuma. Akiugusa uzi, unakatwa ukawa mfupi zaidi, basi.

Kondomu: 13 kati ya 100, kwa sababu watu huivaa katikati ya safari au hawaivai kila mara. Lakini kati ya njia hizi ndiyo pekee inayokinga pia UKIMWI na magonjwa mengine ya zinaa. Hilo hakuna kijiti wala kidonge kinachoweza.

Kumwaga nje, njia ya wajanja wote: 20 kati ya 100. Kalenda na ndugu zake wa kuhesabu siku: kama 15. Bila njia yoyote: 85. Ukisoma namba hizo utaona kumwaga nje si sawa na kutotumia kitu, lakini ukiifanya njia yako ya miaka mitano, andaa nepi.

Nageukia sasa sisi wa mjini, tunaojiona tumeelimika. Tunawacheka watu wa milimani, halafu kila Jumatatu asubuhi tuko duka la dawa, sauti chini, tunaomba P2. Dada mmoja anaimeza mara tatu kwa mwezi na ndiyo "uzazi wa mpango" wake. P2 ni ya dharura. Inafanya kazi kwa kuchelewesha yai kutoka. Kama yai limeshatoka, umekunywa maji na kidonge, hakuna zaidi. Inatakiwa ndani ya saa 72, na mapema ni bora. Haitoi mimba iliyokwishatunga, na haiharibu kizazi kama mnavyotishana. Kosa la kuifanya njia ya kila wiki ni kwamba inakulinda kidogo kuliko njia za kudumu, inavuruga hedhi, na inakumaliza mfukoni, wakati kwenye vituo vya serikali huduma ya uzazi wa mpango ni bure kwa sera ya nchi. Mwanamke wa Soni mwenye kijiti chake mkononi ni msomi kuliko wewe kwa jambo hili.

Na wanaume wenzangu? Tunadai tuombwe ruhusa. Miongozo ya nchi haimtaki mwanamke alete barua ya mume ili apate njia. Lakini vituo vingapi humuuliza "mumeo anajua?" kabla ya kumpima presha? Ndiyo maana wengi huchagua sindano hata kama haiwafai: haionekani, haina pakiti ya kuficha chini ya godoro. Anachagua siri, afya inakuja baadaye. Halafu huyo anayedai aombwe ruhusa, mtajie kufunga uzazi kwa mwanamume, upasuaji mdogo kuliko wa mwanamke, mimba chini ya moja kati ya 100, nguvu za kiume ziko pale pale. Atakimbia mpaka Mombo bila kugeuka.

Wengine watasema haya ni mambo ya Wazungu. Jamani! Neno kubemenda lililetwa na Mzungu gani? Wazee wetu walimsema vibaya mtu aliyepata mimba nyingine huku mtoto bado ananyonya. Maelezo yao ya kwa nini mtoto anadhoofika hayakuwa sahihi kitabibu, lakini lengo lilikuwa kuachanisha watoto, na Shirika la Afya Duniani linashauri jambo hilo hilo: ngoja angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya mimba nyingine. Waislamu, ambao ni wengi kwetu Lushoto, wanazo hadithi za masahaba waliofanya azli zama za Mtume. Kanisa Katoliki linakataa njia za kisasa, lakini waraka wake wa mwaka 1968 wenyewe unakubali wanandoa kupanga kwa kufuata siku za mzunguko. Hoja ya kupanga, basi, ni yetu sote. Tunachogombania ni njia.

Hatari kubwa, kwa maoni yangu, ni wale wanaoongea juu ya kichwa cha mwanamke. Septemba 2018, akiwa Simiyu, Rais Magufuli aliwaambia wananchi waachane na uzazi wa mpango, akawaita wanaoutumia wavivu wanaoogopa kulisha watoto. Mwezi huo huo wizara ikasimamisha matangazo ya uzazi wa mpango redioni na kwenye televisheni. Upande wa pili wapo wanaoangalia Usambara, mashamba yaliyogawanywa mpaka yakawa vipande, wakasema: ardhi imekwisha, wazae wachache. Mmoja anataka tumbo la mama lijenge uchumi, mwingine anataka liokoe mlima. Hakuna aliyemuuliza mwenye tumbo!

Mwaka 2025 tukaona kilele. Marekani ilifuta misaada yake, kisha ikatangaza mpango wa kuteketeza dawa na vifaa vya uzazi wa mpango vya thamani ya dola kama milioni 9.7 vilivyokuwa ghalani Ubelgiji, sehemu kubwa ikiwa ya nchi za Afrika, Tanzania ikiwemo. Watu walilaani Washington, na walistahili. Lakini mimi nililaani pia bajeti yetu. Nchi ya watu milioni 61.7 kwa sensa ya 2022 inawezaje kuacha vijiti vya mama wa Soni vitegemee uchaguzi wa Ohio?

Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 unaonyesha asilimia 31 tu ya wanawake walioolewa wanatumia njia ya kisasa, na msichana mmoja kati ya watano hivi wa miaka 15 hadi 19 ameshapata mimba. Tangu Novemba 2021 serikali inawaruhusu waliojifungua kurudi shule. Safi. Lakini mbona tuko hodari kumrudisha darasani baada ya mimba, na tunaona aibu kumfundisha siku sita za mzunguko kabla yake?

Ninachodai hakihitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Kila kituo kimweleze mteja njia zote, na maudhi yake, kabla ya kumshika mkono. Shule zifundishe yai na mbegu bila kuficha maneno. Bajeti inunue dawa zetu wenyewe. Na wewe msomi, ukisikia tena kwamba vijiti vinaenda moyoni, usicheke kisha unyamaze. Sahihisha hapo hapo.

Haya, nimesema. Mwenye hoja alete hoja. Mwenye jazba anywe maji kwanza.