Kabichi za Nansio na Kasumba ya Sumu Kali

Ipo kasumba miongoni mwa baadhi ya mabwana shamba kwamba dawa isiyonuka, na isiyomwangusha mdudu papo hapo, si dawa. Mkulima wa kabichi wa Nansio akilalamika kwamba viwavi wametoboa majani, hushauriwa atafute sumu kali zaidi. Ikishindwa, achanganye mbili katika bomba moja. Mvua ikinyesha, masalia hutiririka ziwani. Na Ukerewe ni kisiwa: maji hayo ndiyo yanayonywewa, ndimo wanamovuliwa samaki. Waliosahau wakumbuke mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipowafungia soko samaki wa Ziwa Viktoria kwa sababu ya uvuvi wa sumu. Viwanda vya Mwanza vilionja machungu yake.

Tena adui mwenyewe hatishiki. Nondo mgongo-almasi, mzazi wa viwavi hao, aliripotiwa kuizoea DDT huko Java tangu 1953.

Silaha nyingine ipo, wala si ngeni. Bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis alitambuliwa Japani mwaka 1901 na kuanza kuuzwa Ufaransa mwaka 1938. Kiwavi akila jani lililonyunyiziwa, utumbo wake huyeyusha chembe za bakteria huyo zikawa sumu kwake; huacha kula baada ya saa chache na kufa baada ya siku mbili tatu. Samaki na mlaji hawadhuriki. Hapo ndipo mtaalamu anapohitajika: amweleze mkulima kwamba kiwavi anayeonekana hai kesho yake amekwisha kuacha kula, kwamba dawa hunyunyizwa jioni, maana jua huiharibu, tena chini ya majani, viwavi wakingali wachanga. Asiyeelezwa hayo ataona ametapeliwa, na nani atamlaumu?

Wapo watakaodai kwamba haya ni mambo ya ughaibuni. Kibaha kipo kiwanda cha umma, kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba na kuzinduliwa mwaka 2015, ili kuua viluwiluwi wa mbu kwa bakteria wa jamii hiyo hiyo. Aina ya mbu haifai kwa kabichi, lakini elimu yake imo nchini.

Bakteria naye asigeuzwe hirizi. Huko Hawaii, kufikia 1990, nondo hao walikwisha anza kumzoea mashambani aliponyunyizwa mfululizo. Kubadilisha dawa na kuwahifadhi nyigu wanaoshambulia viwavi ni lazima.

Walimu wasingoje waraka. Katika bustani ya shule tuta moja linyunyizwe, jingine liachwe, na wanafunzi wahesabu viwavi kila asubuhi kwa wiki nzima. Bwana shamba aalikwe kuhesabu nao.